Nimejikaza kisabuni tangu ziwa litufukuze, sasa usingizi umenikimbia

Mpendwa mshauri,

Pokea salamu kutoka Nakuru. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, kwa hivyo ukiona imekaa ovyo niwie radhi. Kabla sijaanza nina ombi moja. Usinijibu kwa mstari mmoja wa "nenda ukamwone mtaalamu." Hilo dada yangu ameniambia hadi masikio yamechoka.

Mimi ni mama wa miaka 43, nina watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, na nyumbani hupita kama mgeni. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye kibanda changu mjini. Mwaka 2009 tulinunua ploti Mwariki, upande wa Ziwa Nakuru, hamsini kwa mia, nusu pesa za chama na nusu jasho la mume wangu. Ziwa wakati huo lilikuwa huko chini, mtu hakuliwazia. Tukajenga vyumba vitatu vya mawe, nikapanda mpera mlangoni, tukasema tumefika.

Watu wakisikia maji yalitutoa wanadhani yalikuja kwa kishindo. Hayakuja hivyo. Mwaka 2020 kwanza kilijaa choo cha shimo, tukasema ni mvua. Kisha sakafu ya simiti ikaanza kutoa jasho. Ukikanyaga asubuhi, alama ya unyayo inabaki. Tukainua vitanda kwa jiwe moja, halafu mawili, halafu matatu, na usiku vyura wanaimba chini yetu kama nao wamelipa kodi. Siku tuliyotaka kuweka jiwe la nne mume wangu aliniangalia tu, hatukuambiana neno, akatoka kwenda kutafuta mkokoteni. Baadaye alirudi peke yake kung'oa mabati na milango. Kuta zikaachwa zimesimama majini. Jirani mmoja alinitumia picha: mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo, ametua juu ya ukuta wa jikoni langu. Nikaifuta picha siku hiyo hiyo.

Tangu hapo tumehama mara nne. Kaptembwa, Rhonda, London (ile yetu ya Nakuru), na sasa Pipeline, ghorofa ya pili. Mwaka ule ule wa maji shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na fundi wa sare bila shule atamshonea nani? Nikashona barakoa. Zilipofunguliwa zote Januari 2021 nikarudia sare. Desemba ya mwaka huo Nakuru ikatangazwa jiji, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nalala na watoto watatu kwenye chumba kimoja, nikasema hongera jiji.

Nataka uelewe kwamba sikuanguka. Nilijiwekea sheria na kuziandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Kuamka saa kumi. Kutozungumzia nyumba ya Mwariki. Kutopita barabara ile. Kutolia mbele ya watoto. Moyo ukianza kusumbua, shika kazi. Usiku nanywa chai ya strungi, nashona hadi saa tano. Kwa sheria hizo nimelipa karo, sijakosa kodi hata mwezi mmoja, na nimenunua cherehani ya pili. Hakuna aliyenisaidia. Nilijikaza kisabuni, kama mama yangu. Yeye alihamishwa na vita mara mbili, 1992 na tena 2008, akiwa na watoto sita, na sikuwahi kumwona akitafuta mshauri. Husema machozi hayajengi nyumba.

Tatizo ni kwamba tangu mwanzo wa mwaka huu sheria zimeacha kufanya kazi. Naamka saa tisa usiku moyo unadunda kama nimekimbizwa. Mwezi uliopita nilikata sketi kumi na mbili kwa kipimo cha mtoto mwingine, kitambaa kikaharibika, hasara ni yangu. Msichana ninayemfundisha kazi nilimfokea mpaka akalia, na kosa lilikuwa langu. Lakini la kunishangaza zaidi ni hili: mvua ikinyesha usiku naamka, napiga magoti, nagusa sakafu kwa kiganja nione kama imelowa. Niko ghorofa ya pili, mshauri! Najua ni ghorofa ya pili. Nagusa tu.

Wiki tatu zilizopita mvua ilinyesha, nikaamka kama kawaida. Nikamkuta binti yangu wa miaka 15 amechutama sebuleni gizani, kiganja chake kiko sakafuni. Tuliangaliana. Hakuna aliyesema kitu. Kila mtu akarudi kitandani. Asubuhi nikamuuliza kama alilala vizuri, akaniambia, "Niko sawa, mum," na sauti ilikuwa yangu mimi kabisa.

Dada yangu anaishi Kisumu. Anataka niende nikae kwake mwezi mzima, na amepata mshauri wa kuzungumza nami, atalipa yeye. Nikikataa ananirushia ile ya mficha maradhi. Lakini mimi msaada naujua. Mwaka 2020 niliwaeleza wenzangu wa chama siri ya nyumba yangu. Wakachanga shilingi 14,300, zikasomwa kwa sauti jina kwa jina, na hadi leo kuna mmoja akinisalimu nasikia kama ananidai. Kanisani nikawa mfano kwenye mahubiri. Maafisa wakaja kuandika majina yetu mara tatu. Nilichopata ni kuandikwa.

Swali langu ni hili. Mtu hawezi kujirekebisha mwenyewe, kimyakimya, bila kumwita mtu wa nje? Na kama anaweza, mimi nimekosea wapi?

Mama wa Ghorofa ya Pili, Nakuru

*

Dada yangu mpendwa,

Ombi lako nimelisikia na nitaliheshimu, isipokuwa mahali pamoja ambapo nitakuonya mapema nikifika.

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia, uone kama nimeelewa. Ulipoteza nyumba ambayo hakuna aliyekunyang'anya, kwa hivyo hakuna wa kumlaumu wala wa kumshtaki. Mwaka huo huo ukapoteza wateja. Ukajitungia utaratibu, utaratibu ukakubeba miaka kadhaa, na sasa umechoka kukubeba. Ulipojaribu kusaidiwa uliaibika. Na kati ya yote hayo, kilichokufanya ushike kalamu ni kiganja cha binti yako sakafuni. Mistari kuhusu yeye umeiandika tofauti na mingine, sijui kama umeona. Kwingine unajitetea.

Umeniuliza umekosea wapi. Sioni kosa, naona swali lililopinda kidogo. Sheria zile tano zilikuwa za dharura, na katika dharura zilikuwa nzuri sana. Mtu aliye mkokotenini na watoto watatu hana nafasi ya kukaa chini kuomboleza mpera. Ila hukuandika popote siku ya kuzifuta. Mtu aliyevunjika mguu hufungwa plasta, na plasta ina tarehe ya kutolewa.

Kuna daktari aliyefanya kazi Montreal, Kanada, aitwaye Hans Selye. Mwaka 1936 alichapisha maelezo mafupi ya alichokiona mwilini mwa viumbe wanaoteswa na mambo yasiyofanana: baridi, majeraha, kazi ya kupita kiasi. Aliona mwili hupitia hatua tatu. Kwanza unashtuka. Kisha unazoea, unasimama imara, na ukitazama kwa nje utadhani hakuna kitu. Hatua hiyo ya pili yaweza kuchukua muda mrefu. Jambo lenyewe lisipoisha huja ya tatu, akiba inakwisha, na dalili za ule mshtuko wa mwanzo zinarudi. Alikuwa akiwachunguza panya, na wewe si panya, kwa hivyo usiichukue kama ramani ya maisha yako. Naitaja kwa sababu moja: ile miaka uliyosimama imara, mwili wako ulikuwa unalipa. Moyo unaodunda saa tisa usiku haumaanishi umegeuka mdhaifu ghafla.

Hata saa yenyewe ina maelezo. Usiku ukielekea alfajiri mwili huanza kupandisha kotisoli, homoni inayotuandaa kuamka. Kwa mtu aliyetulia, hilo hupita akiwa usingizini. Kwa aliyekaza kamba mchana kutwa, hutosha kumwamsha. Halafu kuna strungi yako. Kafeini huchukua kama saa tano hivi ndipo nusu yake itoke mwilini, ingawa watu hutofautiana. Kikombe cha saa tatu usiku, nusu yake iko nawe bado saa nane. Nilicheka kidogo niliposoma hapo, maana nami niliwahi kujitibu kukosa usingizi kwa chai.

Sasa niruhusu nihoji mambo mawili matatu uliyoyaandika kama hayana mjadala.

La kwanza ni mama yako. Unasema hakutafuta mshauri, nami naamini. Lakini alikuwa peke yake? Mwaka 2008 watu waliofurushwa walijaa uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha hapo Nakuru kwenu. Nilifika kwenye moja ya kambi zile. Nilichokiona ni akina mama watatu na sufuria moja, mmoja anapika, mmoja amebeba mtoto asiye wake, mmoja amelala mchana kwa sababu usiku ndiye aliyelinda. Hakuna aliyeuita huo msaada. Kumbukumbu ya mtoto humwona mama yake peke yake, wale wengine hubaki vivuli. Nenda siku moja umuulize, bila kumwambia kwa nini: "Mama, ule mwaka nani alikuwa anakushikia mtoto?" Inawezekana atakujibu hakukuwa na mtu. Basi hapo utajua alilipa bei gani, maana na hilo hujawahi kumuuliza.

La pili ni neno lako "msaada." Nimesoma aya ile ya chama mara mbili. Kilichokuumiza hapo ni kutangazwa. Majina kusomwa kwa sauti, mahubiri, orodha za maafisa, yote matatu ni mambo ya hadharani. Ungepewa zile shilingi 14,300 ndani ya bahasha mlangoni na mtu akaondoka, ungeziandikia vile ulivyoziandika? Nauliza kwa kuwa sijui. Huenda ungeona vilevile, kuna watu ambao kupokea kwenyewe ndiko kunakochoma. Ila kama tatizo ni macho ya watu, basi unachokikimbia ni kidogo kuliko unavyofikiri, na kuna aina nyingi za kusaidiwa ambazo hazina kipaza sauti.

La tatu nalisema nikitabasamu. Umeniandikia mimi kurasa nne, mtu usiyemjua, bila jina. Tuseme hiyo ilikuwa nini?

Pengine hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu umeuliza kama mtu aweza kujirekebisha mwenyewe na jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa anaweza, na wengi hufanya hivyo. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake, waliwaomba wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo. Wengine waliandika habari za kawaida, wengine tukio lililowaumiza, lilivyotokea na walivyojisikia. Hawakuonyesha marafiki, hawakusahihishwa sarufi. Hawa wa pili, miezi iliyofuata, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Tafiti zilizokuja baadaye hazikupata faida kubwa kila mara, kwa hivyo usitarajie muujiza. Na tahadhari: mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, nafuu ilikuja baadaye. Ukijaribu, usiandike saa nne usiku ukaenda kulala na maji ya Mwariki kichwani. Andika mchana kibandani, kabla ya mteja wa kwanza, kwenye daftari lisilo la vipimo. Andika lile jiwe la nne. Andika mwari. Ukimaliza chana ukitaka, naona una mazoezi.

Usiku wa mvua, usijikataze kugusa sakafu. Sheria ya sita haitakusaidia. Washa taa kwanza, gusa, useme kwa sauti ulichokigusa, "kavu," kisha uketi kitandani uvute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa polepole kwa hesabu ya sita, mara kumi hivi. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo, hilo si imani, ni namna mishipa ya fahamu ilivyoungwa. Tofauti ya kugusa gizani na kugusa taa ikiwaka ni ndogo, lakini gizani unathibitisha hofu, penye taa unathibitisha sakafu.

Barabara ya Mwariki ni ngumu zaidi, na hapa sina uhakika wa kukupa. Kitu tunachokikwepa kwa miaka huwa hakipungui ukubwa, hukua. Wengi hupata nafuu wakikirudia kidogo kidogo: leo kufika kituo cha matatu, wiki ijayo kufika kona, siku nyingine kuangalia maji kwa mbali. Hatari yake ni kwenda peke yako siku mbaya, ukaziona zile kuta, ukarudi ukiwa umeongeza sheria nyingine mbili. Na kuna watu hawahitaji kurudi kabisa, wakaishi vizuri. Wewe ni yupi? Picha uliyoifuta siku ile ile umenieleza hadi mfuko wa ndege, kwa hivyo nadhani haijafutika.

Watu hupenda kutuambia tuige wanyama katika kuzoea mabadiliko. Ziwa lenu linatoa mfano ambao haumfurahishi mhubiri. Maji yalipoongezeka magadi yalizimuka, vile vijimea vidogo vinavyoliwa na heroe, wale ndege wa waridi tunaowaita flamingo, vikapungua. Heroe hawakujikaza. Waliruka wengi wao wakaenda Ziwa Bogoria. Mwari, anayekula samaki, yeye akaja akatua kwenye ukuta wako. Sikwambii uhame, umehama mara nne tayari. Nasema kuzoea kuna sura nyingi, na kukaa pale pale umekunja meno ni moja tu.

Nilipofika mwisho wa barua nilirudi juu kumtafuta mume wako. Yumo: anapita kama mgeni, anatafuta mkokoteni, anang'oa mabati peke yake. Basi. Yule mtu alisimama ndani ya maji akaivunja nyumba yake kwa mikono yake, kisha akarudi barabarani. Wewe una sheria ya kutozungumzia. Je, naye anayo? Inawezekana mna daftari mbili zenye sheria zile zile. Kumwambia usiku mmoja, "Tangu mwaka huu silali," hakuhitaji chama wala nauli. Hatari ipo: anaweza kusema pole, akageuka upande wa pili akalala, na hilo litauma kuliko kutosema. Unamjua, mimi simjui.

Kuhusu dada yako wa Kisumu. Mwezi mzima ni mrefu kwa mtu mwenye kibanda, na ukienda msimu wa sare utapoteza pesa, utapata wasiwasi mwingine. Halafu nani atabaki na yule wa miaka 15? Tena dada anayechagua mshauri, analipa, na anajua siku ya miadi, atataka kujua ulisema nini. Hofu yako naielewa. Lakini kati ya mwezi mzima na kukataa kuna siku tatu za likizo, wewe na binti yako, bila miadi yoyote, mkila samaki kwa shangazi. Ujue tu kwamba Kisumu nako kuna ziwa, na nalo mwaka 2020 lilipanda kufikia kimo kisichowahi kurekodiwa kabla ya hapo. Usije ukaandaliwa matembezi ya Dunga, kule ufuoni, hujajiandaa.

Mshauri mwenyewe namtaja kwa sentensi chache, nisivunje ahadi. Si lazima awe mwenye ofisi na bango. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina nyanya wa mtaani kuketi kwenye benchi karibu na kliniki na kuwasikiliza watu. Wengi waliokuja kuketi pale walikuwa wamechoka kama wewe. Na siku ukimwona wa ofisini, una haki ya kuuliza kabla hujafungua mdomo: utaandika nini, nani atasoma, dada yangu ataambiwa? Jibu lisipokuridhisha, unainuka unaondoka. Hapo uko kwenye nafasi ya mteja, tofauti na pale kwenye chama.

Hatari kubwa ya njia ya peke yako, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna wa kukwambia umepotea. Ulikata hadi sketi ya kumi na mbili ndipo ukaona kipimo si chake. Ukiamua kuendelea peke yako, na ni haki yako, weka mipaka sasa hivi kichwa kikiwa wazi: ni wiki ngapi utajaribu, na dalili gani zikibaki utabadilisha njia. Iandike, na tarehe. Wiki nne au sita si mchezo. Ndani ya muda huo nenda zahanati upimwe shinikizo la damu, upungufu wa damu na tezi ya shingo, maana moyo wa mwanamke wa miaka 43 huweza kudunda usiku kwa sababu za mwili tu, hata homoni zinazobadilika kadiri umri unavyosogea. Huko hutaulizwa habari za Mwariki. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi yakikujia, usisubiri wiki ziishe.

Na hapa ndipo nilipokuonya. Ikikujia hata mara moja kwamba ingekuwa heri usiamke, au ukimsikia binti yako akisema kitu kama hicho, mambo ya peke yako yameisha siku hiyo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ni ya bure na huhitaji kutaja jina. Ya watoto ni 116, nayo ni ya bure.

Binti yako nimemweka mwisho kwa makusudi. Alikuwa na kama miaka kumi vitanda vilipokuwa vinainuliwa. Alihesabu mawe kama ulivyohesabu wewe, labda zaidi, kwa sababu watoto hulala karibu na sakafu. Sheria zako hazikuwa zimeandikwa kwa ajili yake lakini amezihifadhi zote. Usimwite kikao. Usimwambie "lazima tuzungumze." Mvua inakuja, Nakuru hainyimi. Ukimkuta tena, unaweza kuchutama kando yake ukasema, "Hata mimi nilikuja kugusa," ukanyamaza. Huenda asijibu. Huenda akajibu mengi kuliko ulivyotaka, na hapo usimbebeshe kodi, karo wala hasara ya sketi, hayo ni ya watu wazima. Hofu ya sakafu ni ya kwenu wote wawili, hiyo mnaweza kuigawana.

Kuna kitu kimoja sikukipata katika barua yako na kinanisumbua tangu juzi: usiku ule ulikuwa wa kwanza kwake, au ndio usiku wa kwanza wewe kumkuta? Ukijua, niandikie. Jina usiweke.